Karatasi Niliyoichapa Mwenyewe

Ukiuliza pale Bunda kwa nini steshenari yangu iliyokuwa ikitazamana na barabara kuu ilihamia kwenye fremu ndogo nyuma ya stendi, utaambiwa ni ajali: mkewe alivunjika mguu, wakamalizia kila kitu kwenye matibabu, halafu Korona ikaja. Watu wanasimulia hivyo kwa huruma, baadhi yao walinichangia, na mimi sijawahi kumsahihisha hata mmoja kwa sababu hadithi hiyo ilinifaa. Ajali ilitokea kweli na mke wangu alivunjika kweli. Lakini kilichotuangusha nilikichapa kwa vidole vyangu, kwenye kompyuta yangu, nikakitolea nakala tatu.

Sisi wa Mara barabara ile ya kutoka Mwanza kupita Bunda kwenda Musoma na Sirari tunaijua. Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana Sabasaba, wilayani Butiama, wakafa watu zaidi ya 30, na mpaka leo dereva mtu mzima akipita pale anapunguza mwendo bila kuambiwa. Ajali yetu haikufika huko. Ilikuwa Agosti 2019, mchomoko mmoja, gari dogo la nauli, umeshindilia abiria kama kawaida yake, unatoka Musoma. Mke wangu alikuwa anarudi na rimu za karatasi nilizomtuma mimi, maana Musoma zilikuwa nafuu kidogo. Karibu na Kiabakari dereva akataka kulipita fuso, akakuta kuna lingine linakuja, akakwepa, gari likalala mtaroni. Hakufa mtu na redioni halikusemwa neno. Wenzake walitoka na michubuko, yeye akatoka na mfupa wa paja uliokatika.

Trafiki aliyetuandikia PF3 alikuwa kijana mwenye haraka zake, lakini aliniambia jambo ambalo ningelishika nisingekuwa naandika haya. Gari lilikuwa limeshavutwa hadi uani kituoni. Akanionyesha kioo cha mbele kilichopasuka kama utando wa buibui, akasema, "Mzee, chukua namba za hiyo stika ya bima. Na mgonjwa akitulia, rudi uchukue taarifa ya ajali na mchoro wake." Simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikupiga hata picha.

Kwa nini sikupiga? Nilikuwa na wasiwasi wa mgonjwa, hilo ni kweli. Lakini pia nilikuwa naamini, kama wengi tunavyoamini, kwamba ile stika ni ya kumfurahisha trafiki barabarani. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inasema gari lisiingie barabarani bila bima ya kufidia watu wengine watakaoumizwa nalo, na abiria anayelipa nauli yumo. Ile wanayoiita bima ndogo, ambayo mwenye gari huikata kwa kulalamika, ndiyo iliyokuwa ya mke wangu. Ilikuwa imebandikwa pale kwenye kioo, na nikaipa kisogo.

Hospitali siitaji jina, na isidhaniwe kwamba ilinikosea. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, akahudumiwa vizuri. Ulipokaribia wakati wa kuruhusiwa, hesabu ikaja: shilingi 1,960,000. Afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mwenye daftari la jalada jeusi lililochakaa pembe, alinifuata wodini. Akauliza kwa upole, "Baba, mnaweza yote kwa mara moja, au tuandikishane mlipe kidogo kidogo?"

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi upande wa pili wa kitanda, fimbo katikati ya magoti, anatazama dirishani kama mtu asiyesikia. Nikajibu kwa sauti ya kumfikia yeye, si yule mama: "Tutalipa yote, mama."

Yule mama akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akafunga daftari, akaenda kitanda kingine. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, kabla ya karatasi na kabla ya mikopo. Deni la hospitali ya umma halina riba. Linaweza kuandikishwa ukalilipa kwa miezi, na asiye na uwezo kabisa ana utaratibu wake wa msamaha, ambao umekuwepo tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza miaka ya 1990. Katika madeni yote aliyonayo mtu maskini, hilo ndilo lenye huruma. Na mimi nikalikimbia ili mzee yule asisikie kwamba mkwewe ni mtu wa kidogo kidogo.

Sasa mwenye gari. Alikuwa mzee wa Butiama, na kwa bahati yangu mbaya akatokea kuwa wa upande wa mama mkwe, Mzanaki mwenzao. Aliniita kwake. Nikakaribishwa vizuri, tukala, wazee wawili wakiwa pembeni kama mashahidi wa jambo ambalo lilikuwa halijasemwa. Ndipo akasema, "Mkwe wangu, gari lile nililikatia bima ya binafsi. Ukienda kwenye bima watasema lilikuwa linabeba abiria, watakataa. Wewe utakosa, mimi nitaingia matatani, na kijana wangu atafungwa. Sisi ni ndugu. Tumalizane kiutu uzima."

Kwenye maneno yale kulikuwa na ukweli kidogo na ndiyo maana yalinibana. Gari lenye bima ya matumizi binafsi likibeba abiria wa kulipa, kampuni ya bima inapata mwanya wa kubisha. Lakini si mwenye gari wa kuamua kwamba kampuni imekataa. Madai yanapelekwa, yanajibiwa kwa maandishi, na usiporidhika ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo huku Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009, na mahakama zipo. Kuhusu kijana wake kufungwa, ile ilikuwa kesi ya Jamhuri na dereva, mimi sikuwa na ufunguo wake. Baadaye kijana huyo alikiri kosa akalipa faini, na hukumu ile ya trafiki ingekuwa karatasi nzuri sana kwenye jalada la madai ya mke wangu, pamoja na PF3, taarifa ya polisi, mchoro, risiti na taarifa ya daktari. Jalada lenyewe ndilo halikuwepo.

Mzee akanipa laki tano kwenye bahasha ya kaki. Halafu akacheka kidogo: "Karatasi si utachapa mwenyewe, mkwe? Ndiyo kazi yako."

Nilikuwa nayo tayari. Mwaka uliotangulia wateja wawili wa ajali ya pikipiki waliniletea makubaliano yaliyoandikwa na mtu anayejua sheria, nikayachapa, faili likabaki kwenye kompyuta. Nikalifungua, nikafuta majina yao, nikaweka ya kwetu. Mstari mmoja ulisema mdai amepokea fedha hizo kuwa malipo kamili na ya mwisho, na hatadai tena chochote kutoka kwa mmiliki, dereva wala kampuni ya bima. Siwezi kusema sikuusoma. Neno "kampuni" lilikuwa limechapwa "kampni", nikarudisha kishale nikalisahihisha.

Mdai si mimi. Paja lililovunjika halikuwa langu, kwa hiyo saini ilitakiwa iwe ya mke wangu. Nikampelekea jioni, amelala chali, mguu umeinuliwa. Akauliza, "Ya nini hii?" Nikasema, "Ya hospitali. Ya kuruhusiwa." Akasaini huku karatasi ikiwa juu ya shuka, kalamu inatoboatoboa, ndiyo maana saini yake kwenye nakala zote tatu ina vijitundu. Akanirudishia kalamu akaniambia, "Pole baba, nimekusumbua sana." Yeye ndiye aliyenipa pole.

Sisi tunaoishi kwa kopi ya shilingi mia tunajua hesabu, basi acha niiweke mezani. Kwenye 1,960,000, ile bahasha ilitoa 500,000. Mimi nilikuwa na 310,000 za kununulia wino na karatasi. Zikabaki 1,150,000, ambazo yule mama wa daftari jeusi angeniandikisha nizilipe taratibu bila nyongeza ya hata senti. Nikaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, hawa tunaowaita kausha damu. Alinipa milioni moja kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, dhamana mashine yangu ya fotokopi, na akaniambia akiwa anatabasamu, "Mura, mimi sidai kwa maneno." Leseni hakuwa nayo. Aliye na leseni, kwa daraja lile la watoa huduma ndogo za fedha, Benki Kuu imemwekea ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na sheria yenyewe ni ya 2018, yaani ilikuwa imeshatungwa nilipokuwa nimekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Zilizobaki, laki moja na nusu, nilizikopa kwenye simu, mkopo ule ambao nyuma yake kuna benki yenye leseni. Mkopo wa simu hauna kiti wala mtu, ukibonyeza umeingia, na kwa hiyo sikuuona kama deni.

Mpango wangu ulikuwa kulipa kausha damu kwa mkopo wa SACCOS. Mkopo wa SACCOS una kikao, una fomu, una wadhamini. Ulipotoka, milioni moja ilikuwa imeshakuwa 1,690,000. SACCOS walinipa 1,200,000, nikazipeleka zote, na bado vijana wake wakaja na mkokoteni kuchukua mashine kwa ajili ya 490,000 zilizobaki. Waliinyanyua vibaya, trei ya karatasi ikadondoka, mmoja akairudisha mlangoni akaiegemeza ukutani. Ile trei ninayo hadi leo, ndimo ninamoweka risiti.

Steshenari bila fotokopi ni duka la kalamu. Lakini nisijifiche nyuma ya hilo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, biashara ilikufa kweli, na mpaka wanafunzi wote waliporudi mwishoni mwa Juni nilikuwa nimehama fremu. Hivyo ndivyo ninavyosimulia. Kitabu cha SACCOS kinasimulia vingine: nilianza kuruka marejesho Januari, shule zimefunguliwa, wazazi wamepanga foleni kununua madaftari. Fedha za Januari nilimalizia kodi ya fremu ya barabarani, nikang'ang'ania pale miezi miwili zaidi ili watu wasione nimeshuka.

SACCOS wana utaratibu wa kuupanga upya mkopo wa mwanachama aliyepata matatizo. Unaandika barua, unaeleza, unaambatanisha vielelezo. Barua za namna hiyo nimewaandikia watu hadi nikazizoea: wakulima wa pamba, wavuvi, wajane. Yangu sikuiandika.

Mdhamini wangu mkubwa alikuwa mwalimu wa sekondari. Mitihani ya shule yao ilikuwa ikichapwa kwangu, na nilipompelekea fomu alisaini amesimama, hata hakuuliza ni kiasi gani. Nilipoacha kulipa alikuja dukani kwa baiskeli yake mara ya kwanza, akasema tu, "Nimepita kukusalimia." Mara zilizofuata nikimwona kwa mbali naingia nyuma ya pazia, namwacha mtoto mbele aseme baba ameenda Musoma. Mtoto wa darasa la tatu. Nikamfundisha uongo, na nikamsifu alipousema vizuri. SACCOS wakafanya inavyoelekeza fomu: shilingi 770,000 zilizobaki wakazikata kwenye akiba ya mwalimu yule, fedha ambazo baadaye nilisikia alikuwa anaziweka kwa ajili ya bati.

Ule mkopo wa simu nao nikaukimbia kijinga zaidi. Ulikuwa umefika 187,000 na ujumbe unaingia kila asubuhi. Nikaitoa laini nikaivunja, nikasajili nyingine. Nilikuwa nimesahau kwamba tulikuwa tumeshatoka kwenye foleni za alama za vidole, zile zilizotukimbiza hadi Januari 2020 laini zisizosajiliwa zilipoanza kufungwa. Laini mpya niliisajili kwa namba ileile ya NIDA. Nilichokitupa ni kipande cha plastiki.

Nakuja kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Mapema 2022 wakili mmoja wa Musoma alipita Bunda, umeme umekatika alikofikia, akanipa hati ya madai nimchapie kwa haraka. Ilikuwa ya ajali. Nikawa nachapa huku nasoma, na humo ndani kulikuwa na maelezo ya kwa nini shauri limeletwa ndani ya muda: Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine miaka mitatu. Nikasimamisha vidole. Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki yangu, kama watu wanavyouliza, kwamba je, mtu aliyesaini karatasi ya kumaliza madai bila kujua kilichomo? Wakili akasema karatasi kama hiyo inaweza kupingwa, hasa kama alidanganywa kuhusu ni karatasi gani, lakini mwambie rafiki yako aje mapema, muda haumngojei.

Ilikuwa Februari. Miaka mitatu ya mke wangu ilikuwa inakwisha Agosti. Ningeweza kufunga duka siku ile, nikaenda nyumbani, nikasema. Sikusema Februari, na miezi ikaja ikapita mbele yangu naihesabu, kwa sababu kufungua shauri kungemaanisha mke wangu aione ile karatasi na ajue nani aliyeichapa. Yule aliyemsainisha kitandani alikuwa mtu mwenye hofu na haraka, na mtu anaweza kunisamehe hapo. Yule aliyenyamaza kuanzia Februari hadi Agosti alikuwa na akili zake timamu.

Mwaka 2023 tukajikaza, nikaenda benki kuomba mkopo wa kununua mashine mpya. Mauzo nilikuwa nayo, leseni ya biashara nilikuwa nayo, mashine yenyewe ndiyo ingekuwa dhamana. Afisa mikopo, binti mpole, akanisikiliza, akaingiza namba yangu ya NIDA, halafu akageuza kioo cha kompyuta kuelekea kwangu. Kulikuwa na mstari mmoja mwekundu. Mkopo wa simu, haujalipwa, miaka mitatu. "Hiki ni chako, baba?" Nikataka kusema hapana.

Wengi huku kwetu hawajui kwamba tangu kanuni za Benki Kuu za 2012 benki na taasisi za fedha zinapeleka taarifa za kila mkopaji kwenye kanzidata ya pamoja, na kuna kampuni zilizopewa leseni ya kutoa ripoti hizo, Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Mkopo wa laki moja na nusu uliobonyezwa kwenye simu unaingia sawasawa na wa milioni mia. Unaweza kuomba ripoti yako mwenyewe uione kabla benki haijaiona, na ukikuta kosa una haki ya kulilalamikia lirekebishwe. Mimi sikuwa na cha kulalamikia. Kila kilichoandikwa kilikuwa kweli.

Na hospitali haikuwemo kwenye ripoti ile. Nilisoma kurasa zote nikiitafuta. Marekani mambo yako tofauti: huko bili ya matibabu isipolipwa inaweza kuuzwa kwa wakusanya madeni, nao wakaipeleka kwenye kampuni tatu za taarifa za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, ingawa mwaka 2023 kampuni hizo ziliziondoa zilizo chini ya dola 500. Jaribio la kuziondoa zote kwa kanuni ya serikali lilitangazwa Januari 2025, na Julai mwaka huohuo jaji wa Texas akalifuta. Mmarekani aliyevunjika paja ana sababu ya kuiogopa hospitali yake. Mimi sikuwa nayo. Bunda hapa bili ya hospitali isingenichafulia jina benki hata kidogo. Nililichafua kwa dawa niliyotumia kuikimbia.

Jioni ile nilimwambia mke wangu. Si kwa ujasiri, ni kwa sababu benki ilikuwa imekataa na lazima nieleze, na nikishaanza na mkopo wa simu uzi wote ukafuatana. Akaniambia, "Ilete." Nikaitoa nakala yangu kwenye ile trei ya fotokopi. Akaisoma polepole kwa kidole, akafika kwenye ule mstari, akarudia. Halafu akageuza karatasi akaiangalia kwenye taa, vile vijitundu. "Hii kweli ni saini yangu," akasema. Akauliza bima wangelipa kiasi gani. Nikamwambia sijui, hatutajua. Akauliza kama bado inawezekana. Nikamwambia muda uliisha Agosti ya mwaka jana. Akauliza kama nilijua kabla ya Agosti.

Nikasema ndiyo.

Hakupiga kelele. Alienda kulala kwa mama yake Butiama, akakaa huko hadi mavuno, na alikuwa na haki. Aliporudi aliweka sharti moja, kwamba hakuna karatasi itakayoingia nyumba hii bila yeye kuisoma mwanzo hadi mwisho, hata risiti ya maji. Ndivyo tunavyoishi. Haya pia ameyasoma kabla yenu, na akanirudisha mahali pawili nilipokuwa nimejipendelea.

Ule mkopo wa simu nimeumaliza pamoja na nyongeza zake, nikadai barua ya kuthibitisha, nikafuatilia hadi ripoti ikaonyesha umelipwa. Historia ya kuchelewa bado inasomeka na afisa mikopo yeyote ataiona, ni sawa. Fotokopi tuliyonayo sasa ni mtumba, tumeinunua kwa fedha ya mke wangu ya dagaa wa Mwigobero, na ni yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, niliichapa nikaibandika mlangoni, na wapo wanaosimama kuisoma kisha wakaingia kunichapisha barua za kujitetea kwa waajiri wao, maana walioorodheshwa walikuwa wameshawatumia mabosi ujumbe.

Siku hizi mtu akija nimchapie makubaliano ya ajali, namuuliza kwanza mgonjwa yuko wapi na kama anajua. Namuuliza kama wamechukua namba ya stika, au basi namba ya gari, kwa kuwa stika sasa ni ya kielektroniki na kwa simu tu unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA kama gari lina bima, ya kampuni gani na inaisha lini. Namuuliza kama ameshaonana na ustawi wa jamii wa hospitali. Wengine hukasirika wakaenda steshenari ya jirani, na mia tano yangu inaondoka nao. Mzee mmoja wa Nyamuswa aliniuliza mimi ni wakili tangu lini. Nikamwambia mimi si wakili, mimi nilishaichapa hiyo.

Mwalimu nilimfuata nyumbani kwake mwaka jana, mke wangu akiwa pamoja nami. Hakunifukuza. Alileta viti, akatoa daftari, akaandika tarehe, na tukakubaliana kiasi cha kila mwezi, kidogo kidogo, mbele ya mkewe na wangu. Hadi naandika haya nimemrudishia 450,000. Bado ananidai 320,000.